Diski Haionekani? Anza na Waya

Kompyuta ya mezani ikiwaka na kuandika kwenye kioo kwamba hakuna diski ya kuanzia, wengi hudhani diski imekufa na nyaraka zao zimekwenda nayo. Fundi mwenye haraka hushauri kununua nyingine. Mimi huanza na waya, kwa sababu ndio wenye bei ndogo kuliko vyote humo ndani, nao hulegea kimyakimya.

Diski nyingi za ndani zinazotumia waya ni za SATA, mfumo ulioanza kutumika 2003. Kila moja ina nyaya mbili. Mwembamba una pini 7 na hupeleka data kwenye ubao mama; wa pili una plagi pana ya pini 15 inayoleta umeme kutoka pawa saplai. Ukichanganya kazi za nyaya hizi mbili kichwani, utahangaika bure, maana kila mmoja unaharibika kwa namna yake.

Kwa hiyo sikiliza kabla hujashika bisibisi. Diski kubwa ya inchi 3.5 huzungushwa na mota inayohitaji volti 12. Ukiiwasha ikawa kimya kabisa, shuku waya wa umeme kwanza. Ikizunguka vizuri lakini BIOS (programu ya ubao mama inayofanya kazi kabla ya Windows) haiioni, geukia waya wa data au tundu lake kwenye ubao mama. BIOS ikiiona ila Windows haiioneshi, usifungue kasha. Tatizo huenda liko kwenye mpangilio wa diski, hasa kama ni mpya na haijaandaliwa. Na ukisikia inagonga kwa kurudiarudia, zima. Huo si ugonjwa wa waya, na kila unapoiwasha unaweza kuzidi kuharibu data. (Diski za SSD hazina kinachozunguka, kwa hiyo kwao masikio hayasaidii.)

Kabla ya kufungua, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Chomoa kila plagi kwa kushika kichwa chake, si waya. Kama ina kibanio cha chuma, kibonyeze kwanza. Irudishe taratibu. Mdomo wake una umbo la L, na anayelazimisha upande usio wake huvunja kijiplastiki cha diski yenyewe. Wala usiifanye kazi hii mazoea: plagi za ndani za SATA zimebuniwa kustahimili kuchomekwa mara 50 hivi.

Bado haionekani? Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja: tundu, halafu waya wa data, halafu plagi ya umeme. Ukibadili vyote kwa mpigo, hutajua kilichokuwa kibovu.

Kuna pia waya unaokaribia kukatika, unaofanya diski ionekane leo na kupotea kesho. Huo huacha ushahidi. Fungua programu ya CrystalDiskInfo utazame mstari wa C7, unaohesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Hesabu hiyo haishuki hata ukiweka waya mpya. Cha kutazama ni kama inaendelea kupanda.

Onyo langu kubwa ni kuhusu pawa saplai zenye nyaya za kuchomoka. Usiazime waya wa pawa saplai nyingine, hata kama unaingia vizuri. Upande wa diski ni sawa kwa zote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na volti 12 zikifika palipostahili 5, diski nzima huungua papo hapo.

Na kama diski ya zamani imetoweka mara tu ulipoongeza ya M.2, ile inayolala juu ya ubao mama bila waya wowote, soma kitabu cha ubao huo. Baadhi ya mbao hufunga tundu moja au mawili ya SATA nafasi ya M.2 inapotumika. Hamishia waya wa data kwenye tundu lililobaki wazi.