Ushanga mwekundu wa Tabora: Chungulia tundu kabla ya kuuza

Umeokota ushanga mdogo mwekundu kwenye mahame ya Tabora au njiani kuelekea Ujiji? Usikimbilie kutafuta mteja. Chungulia tundu kwanza.

Anza na jino. Ugonge taratibu: kioo ni cha baridi na kinalia, plastiki haina mlio.

Shanga nyingi za misafara iliyotoka Bagamoyo zilitengenezwa Venice, Italia. Mafundi walivuta kioo cha moto chenye uwazi katikati hadi kikawa bomba jembamba, kikipoa wanakata vipande. Tundu lake ni nyoofu. Ukiona mistari inazunguka tundu, huo ulisokotwa kwenye waya, mmoja mmoja.

Sasa rangi ya ndani. Mwekundu wa tofali wenye kiini cha kijani ndio mkongwe, kwa kawaida wa kabla ya miaka ya 1830. Wenye kiini cheupe ulianza kushika soko kuanzia miaka hiyo. Hiyo ndiyo samesame iliyotamba.

Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857, aliandika majina yake ya utani: kimaliza chakula na kivunja mji, maana wanawake waliipenda kupita kiasi. Waume, inaonekana, hawakuulizwa.

Kukosea rangi kulikuwa njaa. Stanley, aliyesafiri 1871, alieleza kuwa shanga nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Msafara wenye mzigo usio sahihi ulikosa cha kununulia chakula.

Tatizo ni kwamba zenye kiini cheupe ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20. Ukiushika mkononi tu, huwezi kusema ni wa Burton au wa bibi yako. Kinachosaidia ni mahali: ulikuwa kina gani, karibu na vigae gani. Ukishautunga kwenye uzi, ushahidi huo umekwenda.

Na umri una uzito kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa mabaki ya kale. Kuyachimba au kuyatoa nje ya nchi kunataka kibali. Kiini cha kijani, basi, kinakuweka moja kwa moja ndani ya sheria. Cheupe kinaweza kuangukia upande wowote.

Kwa hiyo piga picha ukiwa palepale, uache ulipo, kisha uwaonyeshe wahusika wa makumbusho ya Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone 1872.