Jina la Mtumwa: Tulitupe au Tulirithi?

Katika visiwa vyetu yapo majina ya wanawake ambayo zamani za bibi zetu yalisikika katika kila mtaa na kila shamba, na leo aghalabu huyasikii ila katika khitma, wanapotajwa marehemu. Kijakazi ni mojawapo. Mtumwa ni jingine. Hilo la pili ninayo sababu ya kulizungumza hadharani, maana msimu wa mvua uliopita lilinipeleka mpaka Lusu, katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, na huko nusura litukosanishe na wakwe.

Mpwa wangu ni mwalimu huko Nzega na ameoa katika ukoo wa Lusu. Mungu aliwajaalia mtoto wa kike. Dada yangu, ambaye ndiye bibi wa mtoto, akapeleka salamu kwamba mtoto aitwe kwa jina la bibi yetu mzaa mama, marehemu Mtumwa. Jawabu halikuja. Siku ya saba ikapita bila ya jina wala akika, na mimi, kwa kuwa nimezoea kusuluhisha mambo ya watu katika tawi letu la Chama, nikatumwa kwenda kusikiliza kulikoni.

Nilipokelewa kwa heshima kubwa. Baada ya chakula, babu yake yule binti aliyejifungua, mzee aliyekwisha kuona mengi, alisema nami waziwazi: "Mkwe, hatukatai damu yenu. Lakini sisi wa njia hii tulikuwa wapagazi, hatukuwa watumwa. Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu yao na wakarudi kwa miguu yao. Jina hilo halijapata kuingia katika nyumba hii."

Maneno hayo yana uzito, na hapana budi kuyaelewa kabla ya kuyajibu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kutoka hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea maziwa na falme zake. Waliobeba pembe za ndovu kushuka pwani, na kurudi na vitambaa, ushanga na madumu ya waya, kwa sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi. Walichukua mizigo ya ratili 60 mpaka 70 begani kwa safari ya takriban miezi mitatu, nao walichukua kwa ujira. Walipatana bei, waligoma walipopunjwa posho, na kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Kazi hiyo iliendelea hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuupora upagazi thamani yake. Mtu aliyelelewa katika fahari hiyo akiambiwa kwamba kitukuu chake ataitwa Mtumwa, ana haki ya kushtuka.

Ni kweli vilevile kwamba minyororo ilipita njia hiyohiyo. Watu waliotekwa Manyema na kwingineko walipitishwa Unyanyembe, wengine wakabakishwa hapo kulima mashamba ya matajiri, na si wote waliokuwa na watumwa walikuwa Waarabu. Hilo nilikuwa nalo ulimini. Nikalimeza, kwa kuwa mgeni haanzi na hoja mlangoni.

Badala yake nilimweleza mzee habari za jina lenyewe kama tulivyolijua sisi. Asili yake ni kutuma: mtumwa ni mtu aliyetumwa, na neno mtume limetoka katika shina hilohilo. Kwamba neno moja lilipanda likawa cheo cha Mitume na jingine likashuka likawa la mtu anayeuzwa sokoni, ni kazi ya historia, wala si kosa la lugha. Wazee wetu husimulia kwamba mama aliyefiwa na watoto mfululizo alimpa aliyefuata jina duni, ili mauti yamdharau na kumpita. Hapo Mtumwa na Kijakazi yanakaa pamoja na Tabu, Shida na Mashaka, na mtoto aliyepewa jina hilo ndiye aliyekuwa akipendwa kupita kiasi. Wenzetu wa Unyamwezi nao humwita Nyanzala mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, wala hapana anayedhani kwamba wazazi wake waliitaka njaa.

Lakini nisijifanye wakili wa upande mmoja. Wako pia waliopewa jina hilo kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Huku Tanganyika sheria ya mwisho ilikuja mwaka 1922. Wengi walioachiwa huru walifanya haraka kujivua majina waliyobandikwa na mabwana, wakachukua ya Kiislamu kama ya watu wengine, kama vile walivyovua kaniki na kuvaa kanga. Walikuwa na haki. Hao waliishi katika mtaa mmoja na watu waliokuwa wakiwaita kwa jina hilo na kutarajia waitike.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote tunao wenyewe. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye mwaka 1880 au karibu na hapo, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Akifinyanga vyungu pamoja na mama yake na kuvitembeza mjini kuviuza. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, sauti yake ikamfungulia milango ya majumba ambayo asingepita hata ukumbini, na ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi sahani za santuri zilizosikika pwani yote. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Na baba yake, kwa asili, alikuwa Mnyamwezi. Nilipolitaja hilo, mzee wa Lusu aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kusikia zaidi.

Basi, yuko atakayesema: hata Siti alilitupa. Naam, lakini alilitupa kwa kupanda, akiwa amechuma mwenyewe jina jingine. Sisi wajukuu tunapolifuta jina la bibi aliyeishi nalo mpaka akazikwa nalo, tunapanda wapi?

Nauliza hivyo kwa kuwa mimi ni mmoja wa wakosaji. Nilipokuwa kijana nikijaza fomu ya shule, palikuwa na mstari wa kutaja mlezi. Mlezi wangu alikuwa bibi. Nilikaa na kalamu nikiwaona wenzangu wanachungulia, kisha nikaandika "Mwatumu". Herufi ni karibu zilezile, nikajidanganya kwamba sikusema uongo. Bibi alizaliwa katika shamba la karafuu. Baba yake alikuja kutoka Unyamwezi kuchuma kwa mshahara, akabaki. Aliitwa Mtumwa baada ya kaka zake watatu kufa wachanga. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalimkuta mtu mzima, wakati huo ukafika naye akapata kiwanja chake, na hakuona sababu ya kubadili jina kwa ajili hiyo. Alipofariki, karatasi ya kiwanja ilisema Mtumwa, na karatasi nyingine, zilizofuata fomu zangu, zilisema Mwatumu. Tulisumbuka karibu mwaka mzima kwa viapo na mashahidi kuthibitisha kwamba wanawake wawili hao ni mmoja. Ofisi haikuwa na kosa. Mwenye kosa ndiye anayeandika makala haya.

Kwa hiyo viongozi wetu wa usajili, Bara na Visiwani, mniruhusu neno moja. Sheria ya Bara inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, na karani mwema hutaka kusaidia. Lakini karani anaposikia Mtumwa, Kijakazi au Sikujua, kisha akamshauri mama achague "jina zuri", huwa ameingia katika nyumba ambayo hakualikwa. Andikeni kama linavyotamkwa.

Upande wa dini nao uliulizwa, kwa sababu katika baraza ile alikuwepo mwalimu wa madrasa. Alikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadili majina mabaya, akamwita Jamila mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, kwa maana ya muasi. Nami nikakumbusha kwamba majina yanayopendwa zaidi na Mungu ni Abdallah na Abdulrahman, na tafsiri ya Abdallah kila aliyekaa chuoni anaijua. Mwalimu akacheka, akasema kwamba tofauti yote imo katika kuulizwa: mtumwa wa nani? Hapo sikuwa na la kuongeza, na sidhani kama lipo.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa darasa. Mtoto huyu atasoma na watoto ambao katika kitabu cha historia watalikuta neno hilo pamoja na picha ya watu waliofungwa shingo. Watamcheka. Nilimweleza mama yake hivyo waziwazi, na nikasema kwamba upande wetu hautanuna akikataa. Kwa kweli nilikuwa nimekwisha kata shauri kumwambia dada yangu aachilie.

Yule binti alikuwa kimya siku zote mbili. Akaniuliza: "Mjomba, huyo bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamweleza: alikuwa mkali wa maneno, mkarimu wa chakula, hajui kusoma ila msahafu, na hakuna mtoto mtaani aliyepita mlangoni kwake na njaa. Akauliza tena baba yake alitoka upande gani wa Unyamwezi. Nikasema hatukupata kujua. Alikuwa akisema tu "kwetu kwenye mawe". Wanawake waliokuwa wamekaa ukutani wakatazamana, wakaanza kutaja vilima, kila mmoja cha kwao.

Kesho yake walikwenda kumsajili. Karani aliuliza mara mbili, na mara zote mbili baba alijibu Mtumwa, kisha akalitaja herufi kwa herufi. Akika ilichinjwa Ijumaa. Mzee alikula pamoja nasi na kutuombea dua njema, ila jina hilo hakulitamka. Kwa kuwa mtoto alizaliwa usiku wa mvua kubwa, yeye humwita Kabula, na mpaka ninapanda basi la Dodoma alikuwa amempakata barazani akimwita hivyohivyo.