169.254: anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe

Je, wajua kwamba kompyuta ikikosa wa kuipa anwani hujitungia yake? Anwani hiyo huanza na 169.254, na katika ofisi ndogo huonekana zaidi siku ileile mashine mpya inapotolewa kwenye boksi. Waya wa mtandao umechomekwa, taa ya kijani inawaka, intaneti hakuna. Mwenye ofisi anampigia simu muuzaji na kumwambia ameuziwa kitu kibovu. Fundi akifika anafungua dirisha jeusi, anaandika ipconfig, na mbele ya macho yake kunajitokeza namba kama 169.254.83.17.

Hapo fundi mzuri hamrudishii mtu boksi lake. Namba hiyo inamwambia kwamba kadi ya mtandao ni nzima, Windows inaitambua, na waya umegusa kitu chenye umeme upande wa pili. Kilichokosekana ni jibu.

Kompyuta inapojiunga na mtandao kwa mara ya kwanza haina anwani hata ya kujitambulishia. Inapiga hodi kwa sauti ya kusikika na kila kifaa kilichounganishwa: nani anagawa anwani hapa? Kwenye ofisi ya meza tano mgawaji huwa ni ruta, kile kisanduku cha WiFi kilichoning'inizwa ukutani. Ruta inapendekeza namba, tuseme 192.168.1.107. Kompyuta inajibu kwamba inaitaka. Ruta inathibitisha na kutaja muda wa matumizi, ambao kwa vifaa vingi vya ofisi ndogo ni saa 24. Ni jumbe nne tu, na kwa kawaida humalizika kabla mtu hajavuta kiti akakaa. Utaratibu huu unaitwa DHCP. Toleo lake la kwanza liliandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, likatangazwa Oktoba 1993.

Hodi isipoitikiwa, kompyuta hurudia mara kadhaa, kisha hukata tamaa kwa muda. Inachagua namba kwa kubahatisha kati ya 169.254.1.0 na 169.254.254.255, jumla 65,024, na kabla ya kuikalia inauliza mara tatu kama kuna mwingine anayeitumia. Kukiwa kimya, inaichukua. Windows 98 na Mac OS 8.5, zote za mwaka 1998, zilikuja na tabia hii. Maandishi rasmi ya kanuni zake yalichelewa hadi Mei 2005, na walioyaandika ni Stuart Cheshire wa Apple, Bernard Aboba wa Microsoft na Erik Guttman wa Sun. Walipiga hesabu kwamba hata mtandao ukiwa na mashine 1,300 zilizojipa anwani kwa njia hii, mgeni ana uwezekano wa asilimia 98 wa kupata namba iliyo wazi kwa jaribio la kwanza. Ruta, kwa upande wake, imekatazwa kupitisha chochote kinachotoka kwenye anwani hizo, ndiyo maana intaneti haifunguki. Wakati huohuo Windows haijalala: kila baada ya dakika 5 hupiga hodi tena, na ikijibiwa huitupa namba yake ya kubuni bila kumwuliza mtu.

Swali linalomsumbua mwenye ofisi ni moja: mbona wenzake wanafanya kazi?

Wanafanya kazi kwa sababu hawaombi kitu. Kompyuta za zamani zilikwisha pewa namba, na nusu ya muda wa matumizi ikifika huomba tu kuongezewa ileile. Sasa chukua ruta yenye akiba ya namba 50, kuanzia 192.168.1.100 hadi 149, kwenye ofisi ambayo nenosiri la WiFi limebandikwa mlangoni kwa ajili ya wateja. Kila simu inayoingia inachukua namba, na mwenye simu akiondoka baada ya dakika 10 namba hiyo hubaki imeshikwa hadi saa 24 ziishe. Kufikia saa nane mchana akiba imekauka. Mezani hakuna anayehisi lolote. Anayehisi ni mashine iliyowashwa saa nane na robo, na lawama zote zinaiangukia. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kupanua akiba, au kupunguza muda hadi saa moja au mbili. Vyote viwili ni kazi ya dakika chache kwa mwenye nenosiri la ruta. Hilo ndilo nenosiri ambalo katika ofisi nyingi hakuna anayelijua.

Waya nao una siri ya namna hiyohiyo. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi 8, zilizosokotwa jozi nne. Mashine ya zamani yenye mwendo wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Nyingine mbili zinaweza kuwa zimegugunwa na panya au zimekatika chini ya mguu wa kabati, na kwa miaka kumi hakuna atakayejua. Kadi ya kompyuta mpya inataka gigabiti 1, na kwa mwendo huo inahitaji jozi zote nne. Inaanza makubaliano na swichi, kisanduku kinachokutanisha waya za ofisi, kupitia jozi zilizo nzima, wanaafikiana kwenda gigabiti, kisha jozi zilizokufa zinawaangusha. Taa ya kwenye tundu inawaka, inazima, inawaka tena. Mwenye ofisi anachomoa waya uleule, anauchomeka kwenye mashine ya zamani, inafanya kazi, naye anaona amethibitisha ubovu wa mpya. Kipimo chake kimemdanganya. Waya mwingine wa shilingi chache ungemwambia ukweli.

Kuna hata kisa kinachokuja baada ya anwani kupatikana. Tangu Windows 10 ilipoachwa bila matengenezo ya bure Oktoba 14, 2025, ofisi nyingi zimekuwa zikinunua mashine za Windows 11. Intaneti inafunguka vizuri, lakini folda la pamoja lililoko kwenye kompyuta kuukuu ya Windows XP, ile ya kona iliyobeba hesabu zote, halionekani. XP inazungumza toleo la kwanza tu la SMB, lugha ya kushirikiana faili ambayo kirusi cha WannaCry kiliipitia Mei 2017 kikafunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza. Kuanzia mwaka huohuo Microsoft ilianza kuliondoa, na Windows 11 haiji nalo. Linaweza kurudishwa kwa kubofya mara chache, na wapo mafundi wanaofanya hivyo wakachukua pesa zao wakaondoka. Heri wahamishe zile hesabu.

Fundi mwenye haraka ana njia ya mkato pia kwa 169.254: anaandika anwani kwa mkono, 192.168.1.20, na kila kitu kinafunguka. Kesho yake printa inawashwa, nayo iliandikiwa 192.168.1.20 na fundi wa mwaka juzi. Vifaa viwili vinagombea namba moja, na kazi zinachapishwa zikipenda. Kama ni lazima kifaa kiwe na anwani isiyobadilika, ruta nyingi huruhusu kitengewe namba yake humohumo, ili orodha ibaki mahali pamoja.

Licha ya sifa yake mbaya, 169.254 ina kazi za heshima. Kompyuta mpakato mbili zikiunganishwa kwa waya mmoja, bila ruta wala swichi, hujipa anwani hizo na kuweza kupitishiana mafaili. Na kwenye mitambo ya Amazon, ambako watu hukodi seva kwa saa, seva inayotaka kujua jina lake na ilikowekwa huuliza kwenye 169.254.169.254. Namba hiyo inafaa kwa sababu ileile inayomnyima mwenye ofisi intaneti: hakuna ruta itakayoipeleka nje.