Fahamu: Hatua ya mradi binafsi inayowafurahisha watu zaidi

Mradi binafsi, yaani kazi ambayo mtu hujipangia mwenyewe bila kuagizwa, kama vile kufuma kitambaa au kujenga nyumba, hupitia hatua za kupanga, kutenda na kukamilisha. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Marekani, Clark Hull, alitoa nadharia kwamba juhudi huongezeka kadiri lengo linavyokaribia, na ndiyo maana hamasa hupanda kazi inapoelekea ukingoni. Hata hivyo, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza kwamba raha ya kina hupatikana katikati ya kutenda, pale ugumu wa kazi unapolingana na ustadi wa mtendaji, naye akazama humo hata akasahau muda. Kwa hiyo, anayesubiri matokeo pekee hujinyima sehemu iliyo bora ya kazi yake.