Njumu zinabana, mshipa unalia

UNAKIMBIZA mpira dakika 20 tu, ghafla unyayo kwa mbele unawaka moto, kama kuna kokoto ndani ya njumu. Unakaa chini, unavua, unajikanda, maumivu yanapoa. Ukivaa tena, yaleyale. Wachezaji wa ndondo kuanzia Bariadi, Maswa hadi Meatu, mnaonunua njumu za mtumba zinazobana, msichukulie poa.

Huenda ni neuroma ya Morton. Tishu zinazouzunguka mshipa wa fahamu kati ya vidole zinakuwa nene, mara nyingi kati ya kidole cha tatu na cha nne. Jina ni la daktari wa Marekani, Thomas Morton, aliyeieleza mwaka 1876.

Daktari anaipimaje? Kwanza anabonyeza mfupa mmoja mmoja. Ukiruka hapo, anahofia mfupa una ufa, hiyo ni habari nyingine. Kisha anaubana unyayo pande zote kwa mkono mmoja, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikikandamiza katikati ya mifupa. Kikiruka kitu "tak!" na maumivu yakapiga hadi vidoleni, ndiyo dalili ya Mulder hiyo. Mwisho anagusa vidole kwa pamba, na Simiyu pamba siyo shida, kuangalia kama kuna ganzi.

Tiba huanza na njumu pana, siyo kisu. Lakini ukikubali kuchomwa ganzi ili umalize fainali, mguu utakudai msimu ujao.