Pikipiki kwa Mwanamke Mwenye Umbo Dogo

Pikipiki ndiyo chombo cha moto kinachofika karibu kila kitongoji cha wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kutoka Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, Kaisho na Murongo kwenye mpaka wa Uganda, hupanda vilima ikiwa imebeba abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa na maharage. Kanuni za mwaka 2010 ziliipa nafasi rasmi ya kubeba abiria kwa leseni, na tangu hapo bodaboda imekuwa ajira ya vijana wengi, karibu wote wanaume. Lakini muuguzi anayekwenda kliniki ya kijijini, mwalimu, afisa ugani na mama anayeuza mazao mnadani wana safari zilezile na barabara zilezile. Mwanamke mfupi anapofikiria kujifunza, hofu ya kwanza huwa moja: miguu haifiki chini na chombo ni kizito. Hofu hiyo ina msingi, na majibu yake yanapatikana katika namna pikipiki yenyewe ilivyoundwa.

Kimo cha kiti na urefu wa mguu

Urefu wa wastani wa mwanamke wa Tanzania ni kama sentimita 156, na wengi wako chini ya hapo. Kipimo muhimu kwa mwendeshaji, hata hivyo, ni urefu wa mguu kwa upande wa ndani, kutoka kwenye msamba hadi kwenye kisigino. Kwa mtu wa sentimita 150, urefu huo huwa karibu sentimita 68 hadi 70. Kiti cha pikipiki nyingi za biashara za ukubwa wa sisi (cc) 100 hadi 150, kama Boxer na TVS, kiko kati ya sentimita 76 na 82 kutoka ardhini. Pengo ni sentimita kama kumi.

Mambo matatu hulipunguza. La kwanza ni springi, ambazo hubonyea kidogo mtu anapoketi. Hapa mwepesi hupata hasara, kwa sababu mtu wa kilo 45 huzibonyeza kidogo kuliko wa kilo 80, hivyo chombo kilekile hubaki juu zaidi chini yake. La pili ni upana wa kiti. Kiti kipana huisukuma miguu kando na kuifupisha, ilhali chembamba upande wa tangi huiacha ishuke wima. La tatu ni mkao. Hakuna ulazima wa nyayo zote mbili kukanyaga chini kwa pamoja. Mwendeshaji mfupi husogeza makalio upande wa kushoto wa kiti na kukanyaga kwa mguu mmoja, huku wa kulia ukibaki kwenye breki ya nyuma. Mguu mmoja ukitua vizuri, hata kwa nusu ya mbele ya unyayo, unatosha kukishikilia chombo kilichosimama wima.

Uzito hukua kadiri pikipiki inavyoinama

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Ikiwa wima, karibu uzito wote hubebwa na matairi, na mikono haina kazi kubwa. Chukua pikipiki ya kilo 115 ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 juu ya ardhi, na mtu anayeshika usukani kwenye kimo cha mita 1. Ikiinama nyuzi 5, mikono huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi ili isizidi kuinama. Ikifika nyuzi 20, nguvu hiyo hupanda hadi karibu kilo 20. Kwenye nyuzi 45 hufika kilo 40, na hapo hata mwanamume mwenye misuli hushindwa mara nyingi.

Hesabu hiyo ndiyo siri ya mwendeshaji mdogo. Anayeirudisha pikipiki mapema, ikiwa imeinama kidogo tu, hutumia nguvu za mtoto, lakini anayesubiri hushindana na mashine nzima. Ndiyo maana somo la kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa: kusimama upande wa kushoto, kukisukuma chombo mbele na nyuma, kukizungusha, na kukiinamisha taratibu kwenye nyonga hadi mwili ujue mpaka wake.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwenye stendi ya kati. Wanafunzi wengi huvuta pikipiki juu kwa mikono na kuchoka. Njia sahihi ni kushusha stendi hadi miguu yake yote miwili iguse ardhi, kisha kukanyaga pembe yake kwa uzito wote wa mwili. Stendi hufanya kazi ya wenzo, na mkono wa kulia huongoza tu. Kwa pikipiki iliyoanguka, injini huzimwa kwanza na koki ya mafuta hufungwa. Mwendeshaji huipa mgongo, huchuchumaa makalio yakiegemea kiti, hushika mshikio wa usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha hurudi nyuma kwa hatua fupi. Mapaja ndiyo huinua, na mgongo hubaki umenyooka.

Kuchagua chombo

Pikipiki ya sisi 100 au 125 inatosha kabisa kwa mwanafunzi. Ni nyepesi kuliko ya 150, na gia zake za chini zina nguvu ya kupanda vilima vya Karagwe ikiwa na mtu mmoja. Yenye stata ya umeme ni bora, ingawa kiki si kizuizi: mwendeshaji huikanyaga polepole hadi ahisi ukinzani wa pistoni, kisha huiachia uzito wa mwili mara moja. Pikipiki za mashambani zenye tairi za vinundu na shokapu ndefu huvumilia mashimo, lakini viti vyake huweza kuvuka sentimita 83, na hazifai kuanzia kwa mtu mfupi.

Wahandisi walilifikiria tatizo hili zamani. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa Super Cub, pikipiki ndogo isiyo na tangi kati ya kiti na usukani, hivyo aliyevaa sketi aliweza kuipanda bila kurusha mguu juu. Klachi yake ilijiendesha yenyewe na kuuacha huru mkono wa kushoto. Kufikia mwaka 2017 zaidi ya Super Cub milioni 100 zilikuwa zimetengenezwa, idadi ambayo haijafikiwa na chombo kingine chochote cha injini.

Si kila mtu huchagua. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima, na mtumishi hupokea aina iliyonunuliwa, awe mrefu au mfupi. Kwa huyo, suluhisho ni kurekebisha.

Kurekebisha

Marekebisho mengi hufanywa na fundi wa kawaida. Shokapu za nyuma huwa na pete yenye ngazi, ambayo huzungushwa kwa spana yake ili kulegeza au kukaza springi. Ngazi ya chini kabisa humfaa mwepesi, na humshusha kidogo. Godoro la kiti likipunguzwa na fundi wa viti kwa sentimita 2 hadi 4, hasa kwenye kona za mbele, miguu hushuka zaidi. Godoro lisiondolewe lote, kwani barabara ya makorongo huumiza uti wa mgongo.

Fundi stadi huweza pia kupandisha mirija ya fork kwenye vishikizo vyake ili kushusha upande wa mbele. Hiyo ni kazi ya kipimo. Pande mbili lazima zilingane kabisa, na mbele isishuke mno kuliko nyuma, kwani usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na pikipiki itayumba kwenye mwendo. Mwenye vidole vifupi hulegezewa waya wa klachi na kugeuziwa mikono ya klachi na breki ili ifikiwe bila kuachia mshikio. Pedali ya breki na ya gia hupangwa kulingana na kiatu chake.

Hatua za kujifunza

Uwanja wa shule au wa mpira wenye majani mafupi ndio darasa zuri. Mkono wa kushoto una klachi, mguu wa kushoto una gia, mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, na mguu wa kulia una breki ya nyuma. Kazi ya kwanza ni kubalansi klachi: kuiachia taratibu hadi chombo kitake kwenda, kisha kuishikilia hapohapo. Anayeijua nukta hiyo hutembea mwendo wa mtu wa miguu bila kushusha mguu, na huo ndio ujuzi unaoziba pengo la urefu. Hufuata kuzunguka namba nane, kusimama kwenye mstari, na kuondoka tena.

Kabla ya kusimama, mwendeshaji mfupi hushuka hadi gia ya kwanza chombo kikiwa bado kinakwenda. Akisimama, mguu wa kushoto hutua, wa kulia hubaki kwenye breki, na hakuna haja ya kubadilishana miguu. Usukani uwe umenyooka na breki ya mbele isibanwe ghafla, kwa sababu kusimama usukani ukiwa umepinda ndiko huangusha wanafunzi wengi.

Mwendo ukipita kilomita 20 hivi kwa saa, kimo cha mtu hakina tena nafasi kubwa. Gurudumu la mbele hujirekebisha lenyewe kwa namna usukani ulivyoelekezwa, na chombo hubaki wima chenyewe. Kona huanza kwa kusukuma kidogo mshikio wa upande unaoendewa: kusukuma wa kushoto huilaza pikipiki kushoto nayo hupinda kushoto. Nguvu inayohitajika ni ya kiganja. Kusimamisha kwa haraka huhitaji breki zote mbili, kwa kuwa uzito huhamia mbele na gurudumu la mbele ndilo hupata mshiko mkubwa. Kwenye changarawe, breki ya mbele hubanwa kwa upole zaidi ili tairi lisiteleze.

Barabara za Karagwe na Kyerwa

Lami ya Kyaka hadi Bugene ina mwendo mzuri, lakini malori na mabasi hupita kwa kasi. Mwanafunzi huingia humo akiwa amekwisha kuzoea gia na kioo cha pembeni. Njia nyingi za vijijini ni za changarawe na udongo mwekundu. Mvua za vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba, na za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huzigeuza utelezi. Miezi ya kiangazi huacha vumbi na kokoto zinazozunguka chini ya tairi. Mazoezi ya kwanza hufaa siku kavu, asubuhi, kwenye njia yenye watu wachache.

Kwa mtu mfupi, mahali pa kusimama huchaguliwa mapema. Tanzania huendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka kuelekea mtaro, kwa hiyo mguu wa kushoto hukuta ardhi mbali zaidi. Ni bora kusimama kabla ya mteremko huo, au kuacha matairi kwenye alama ya magurudumu ya magari na kutua mguu kwenye tuta lililo kando yake. Kwenye mlima, breki ya nyuma hushikilia chombo, klachi hubalansiwa hadi kitake kupanda, kisha breki huachiwa.

Mavazi na kofia ngumu

Kanga na sketi ndefu huweza kunaswa na cheni au spoki, hivyo suruali, au suruali chini ya gauni, huwa salama. Kiatu kilichofungwa hulinda kifundo cha mguu dhidi ya bomba la moshi, na chenye soli nene huongeza sentimita 2 au 3. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia kubwa isiyobana huchomoka wakati wa ajali, hivyo mwenye kichwa kidogo hutafuta namba yake na hufunga mkanda kila mara.

Mifano ya waliotangulia

Desemba 1934 Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni na tela. Walivuka jangwa la Sahara na kufika Cape Town Julai 1935. Baadaye Wallach alihamia Marekani na kufundisha watu kuendesha. Karibu zaidi, ng'ambo ya Ziwa Victoria, shirika la Pikilily la Mwanza limewafunza wanawake kuendesha pikipiki na kuzitengeneza.

Leseni, mzigo na matunzo

Sheria inamtaka mwanafunzi awe na leseni ya kujifunzia kabla ya kuingia barabarani, apate mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, kisha apimwe na askari wa usalama barabarani. Daraja A1 ni la pikipiki isiyozidi sisi 125, na daraja A ni la zaidi ya hapo.

Abiria na mzigo husubiri. Gunia la kahawa la kilo 60 likiwekwa nyuma ya mtu wa kilo 45 huzidi uzito wake mwenyewe, hupandisha kitovu cha uzito na kuipunguzia mbele mshiko. Mwendeshaji huanza na mzigo mdogo uliofungwa chini na katikati, na springi hukazwa tena kabla ya mzigo mkubwa. Kabla ya kila safari hukaguliwa upepo wa matairi, ulegevu wa cheni, breki, taa na mafuta ya injini. Kazi hiyo haidai nguvu wala kimo, na hufanywa na mwendeshaji mwenyewe kwa dakika chache.