Mungu, Miungu na Mikono Minne ya Vishnu

Makala haya yanachunguza suala ambalo Kiswahili chetu hulipita kwa haraka mno: hekalu la Kihindu lina miungu mingapi? Ajibuye kwa kuhesabu sanamu atakosea, na kosa lake litakuwa la kilugha kabla halijawa la kidini.

Tumchukue Vishnu. Katika uchongaji wa mahekalu huonyeshwa aghalabu akiwa na mikono minne, na kila mkono umeshika kitu: kombe la baharini lipulizwalo kama baragumu, gurudumu lenye makali, rungu, na ua la yungiyungi. Vitu vinne katika mikono minne vyaweza kupangwa kwa njia 24, na mapokeo yaliupa kila mpangilio jina lake. Kwa utaratibu mmoja ujulikanao sana, mtazamaji huanza na mkono wa kulia wa chini, akapanda hadi wa kulia wa juu, akavuka kwenda wa kushoto wa juu, kisha akashuka. Akikuta yungiyungi, kombe, gurudumu na rungu, yuko mbele ya Keshava. Akikuta kombe, yungiyungi, rungu na gurudumu, huyo ni Narayana. Wanaisimu miongoni mwetu hawatashangaa, kwani silabi za "lima" zikigeuzwa huzaa "mali". Tofauti ni kwamba hapa maneno yote 24 yanamtaja mmoja. Katika achamana, tendo la kujitakasa kwa kunywa maji kidogo kutoka kiganjani, mwumini huyataja majina hayo kwa zamu, Keshava, Narayana, Madhava na kuendelea, wala hadhani kuwa anausalimu umati.

Hekalu la Somanathapura, katika jimbo la Karnataka nchini India, lilijengwa mwaka 1258 enzi za wafalme wa Hoysala. Lina vyumba vitakatifu vitatu: cha Keshava, cha Janardana, na cha Venugopala, yaani Krishna mchungaji apulizaye filimbi. Wote watatu ni Vishnu. Sanamu za humo ziliharibiwa, ile ya asili ya Keshava haipo tena, na ibada ilikoma. Kule Belur, katika jimbo hilohilo, hekalu la Chennakeshava lililowekwa wakfu mwaka 1117 lingali na waabudu. Mahekalu yote mawili yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, lakini kwa mwumini hayalingani hata kidogo.

Ndipo neno "sanamu" linapotuangusha. Sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 humkumbusha mpita njia mtu asiyekuwapo. Murti ya hekaluni, ikishafanyiwa ibada ya kutiwa uhai, huchukuliwa kuwa na aliyemo: huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hutengewa chakula. Ikivunjika vibaya, haifai tena kuabudiwa.

Ikumbukwe kuwa Wahindu wenyewe hawana kauli moja. Kwa wafuasi wa Shankara, maumbo ni ngazi ya kumfikia Mmoja asiye na umbo. Kwa wafuasi wa Ramanuja, Vishnu mwenyewe amekubali kwa hiari kukaa katika jiwe au shaba ili afikike. Tena wapo wamwabuduo Shiva au Devi kuwa mkuu, na hao huanza hesabu yao kwingine kabisa.

Sarufi yetu hutulazimisha kuchagua: ama "Mungu", ama "miungu". Ninapotafsiri, mimi huandika "Venugopala ni umbo la Vishnu", nikiepuka wingi ule. Hata hivyo "umbo" kwa Mswahili ni sura ya nje tu, na mfuasi wa Ramanuja angelikataa papo hapo, kwa kuwa kwake yeye aliyesimama mle chumbani ni Vishnu mzima.